Yaliyomo Katika Ramani za Afrika Mashariki

Ramani ya Afrika Mashariki ina umri wa karibu miaka 1,900, lakini kwa sehemu kubwa ya muda huo ilionyesha jambo moja tu: majina ya bandari na jinsi zilivyofuatana pwani. Kina cha bahari, urefu wa milima, mipaka ya dola, aina za udongo, wingi wa watu, viwanja na mitaro ya maji ya mvua viliingia kimoja baada ya kingine, na karibu kila mara kwa sababu alikuwapo mtu aliyehitaji kujua na mwenye fedha za kulipia kazi hiyo. Nahodha alitaka kujua mwamba uko wapi. Mfanyabiashara, msafara utapata maji wapi. Serikali ya kikoloni, kodi itatozwa kwa nani. Ramani za eneo hili zinasomeka vizuri zaidi zikichukuliwa kuwa majibu ya maswali ya namna hiyo, na swali la kwanza kabisa lilikuwa jepesi: mahali fulani pako wapi?

Ptolemy, mtaalamu wa Alexandria aliyeandika mnamo mwaka 150 B.K., alilijibu kwa namba. Kitabu chake cha jiografia kina orodha ya majina ya mahali yapatayo 8,000, na mengi yamewekewa latitudo na longitudo. Kwa upande wa pwani ya Afrika Mashariki anataja Rhapta, soko ambalo mahali lilipokuwa panabishaniwa hadi leo. Bara aliweka maziwa yanayolisha mto Nile, na nyuma ya maziwa hayo Milima ya Mwezi. Hakufika huko. Alizichukua habari kwa wasafiri na wafanyabiashara, akazigeuza kuwa namba, na namba zikavaa uhakika ambao habari zenyewe hazikuwa nao. Milima ya Mwezi iliendelea kuchorwa na wachoraji wa Ulaya kwa karne nyingi, kila mmoja akimwamini aliyemtangulia.

Mwaka 1154, huko Palermo katika kisiwa cha Sicily, Al-Idrisi alimkamilishia Mfalme Roger II ramani ya dunia pamoja na kitabu cha kuieleza. Kusini iko juu, na pwani ya Zanj, jina la Waarabu kwa pwani ya Afrika Mashariki, imevutwa kuelekea mashariki hata inakaribia kukabiliana na Bara Hindi. Kwa umbo la nchi, hapo pana upungufu mkubwa. Kwa habari za biashara, hali ni nyingine: Malindi na Mombasa zimo, na maelezo yanataja chuma cha Malindi kuwa bidhaa yake muhimu. Hiyo ni taarifa ya aina ya pili. Kwa kuwa haikutosha kwenye mchoro, iliwekwa kwenye maandishi ya pembeni, na tangu hapo ramani na maelezo yake vimekwenda pamoja.

Mabaharia wenyewe wa Bahari ya Hindi hawakutegemea michoro sana. Waarabu wa Ghuba walikuwa na vitabu vya uongozaji vyombo vilivyoitwa rahmani, vyenye njia, dalili za nchi kavu, majira ya pepo na urefu wa nyota. Ahmad ibn Majid wa Julfar, katika karne ya 15, alitunga mashairi ya kufundishia kazi hiyo, likiwamo shairi refu kuhusu safari ya Sofala. Urefu wa nyota ulipimwa kwa vidole: baharia alishika kibao kidogo kilichofungwa uzi wenye mafundo, akakisogeza hadi ukingo wa chini uguse upeo wa bahari na ule wa juu uguse nyota, kisha akahesabu. Bandari ilijulikana kwa idadi ya vidole vya nyota fulani, na kwa msimu wa kuifikia. Kaskazi huleta vyombo, kusi huvirudisha. Chombo kilichochelewa kuondoka kilisubiri mpaka mwaka wa pili. Taarifa hiyo ya wakati haijawahi kukaa vizuri kwenye karatasi, kwa sababu karatasi huonyesha nchi kana kwamba iko hivyo mwaka mzima.

Bara nako kulikuwa na njia nyingine za kuhifadhi mambo ambayo kwingineko huwekwa katika ramani. Waluba, kusini mashariki mwa Kongo, walikuwa na lukasa: kibao cha mti kinachoenea kiganjani, chembamba katikati, kilichopigiliwa shanga, simbi na vipande vya chuma. Wajuzi wa chama cha Mbudye walikipapasa kwa kidole huku wakisimulia. Shanga moja ingeweza kuwa mfalme, kundi la shanga likawa baraza lake, na mstari kati yake ukawa njia aliyopita kwenda kuanzisha utawala. Mahali, ukoo na tukio vilikaa katika alama ileile. Asiyefundishwa hakupata kitu humo, na hiyo ilikuwa sehemu ya makusudi yake.

Wareno walileta haja mpya, ya kudai mali. Ramani inayoitwa ya Cantino, iliyochorwa Lisbon mwaka 1502 na kutoroshwa hadi Italia na Alberto Cantino kwa niaba ya Mtawala wa Ferrara, inaonyesha mkondo wa pwani ya mashariki ya Afrika kwa usahihi ambao haukuwahi kuonekana katika ramani za Ulaya zilizotangulia. Bendera za Ureno zimesimamishwa pwani, pamoja na nguzo za mawe ambazo mabaharia wao walizipanda walikopita. Ya Malindi ingalipo. Ramani hiyo ilikuwa siri ya biashara ya Mfalme wa Ureno, ndiyo maana ilibidi iibwe. Miaka 70 baadaye mambo yalikuwa wazi kwa kila mwenye fedha za kununua kitabu: atlasi ya miji ya Braun na Hogenberg, iliyotolewa Cologne mwaka 1572, ina picha za Mombasa, Kilwa na Sofala, zikionyesha kuta, nyumba na vyombo bandarini.

Bahari yenyewe ilipimwa kwa utaratibu tangu mwaka 1822 hadi 1826, wakati Kapteni William Owen wa jeshi la majini la Uingereza alipopita pwani na meli za Leven na Barracouta. Kazi ilifanywa kwa bildi: risasi inatupwa, kamba inahesabiwa, kina kinaandikwa kwa pima. Namba hizo, mamia kwa mamia, ndizo zinazojaza chati za bahari, na katika chati nchi kavu ndiyo inayoachwa tupu. Kuna mlima au mnara wa kulengea, kuna mdomo wa mto, basi. Mwamba, fungu, kipwa, mlango wa kuingilia na mkondo vinapewa nafasi yote. Homa iliwaua mabaharia wengi wa msafara huo, na mwaka 1824 Owen alijiingiza katika siasa za Mombasa kwa kuwapa Mazrui, ukoo uliotawala mji huo, hifadhi ya Uingereza ambayo serikali yake haikuitaka. Chati zake zilidumu kuliko hifadhi hiyo, iliyokwisha mwaka 1826.

Kwa upande wa bara, ramani nzuri za Ulaya za wakati huo zilikuwa na weupe mtupu. Mfaransa d'Anville ndiye aliyeuingiza kwa ujasiri mwaka 1749, alipofuta milima na falme zisizo na ushahidi katika ramani yake ya Afrika akaacha karatasi bila wino. Weupe nao ni taarifa: unasema kwamba mchoraji hajui. Lakini ulikuwa na hatari yake, kwani wengi walikuja kuusoma kama kusema kwamba hakuna watu.

Waliojaza weupe huo kwanza walikuwa watu wa misafara. William Desborough Cooley, mwanajiografia wa London ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, alizungumza mwaka 1835 na Khamis bin Uthman, mtu wa pwani aliyekuwa amefika Uingereza, na habari alizopata zikaingia katika makala yake ya mwaka 1845 kuhusu ziwa kubwa la bara. Cooley alikuwa hodari wa kupembua maandishi, na mkaidi wa kupindukia. Mmisionari Johannes Rebmann alipotangaza kwamba mwezi Mei 1848 ameiona theluji ya Kilimanjaro, Cooley alikataa katakata. Theluji karibu na ikweta haikuingia katika hesabu zake.

Rebmann na mwenzake Jakob Erhardt, kutoka kituo chao cha Rabai, walikuja kutoa ramani ambayo ni somo zima kuhusu namna habari zinavyogeuka kuwa wino. Mwaka 1854 Erhardt alikaa miezi kadhaa Tanga akiwahoji waliosafiri bara. Habari za namna hiyo zilikusanywa pia kwa watu wa njia za Mombasa na Kilwa. Aliyepita njia ya kaskazini alisema mwisho wa safari ni maji makubwa. Aliyepita njia ya kati, ya Unyamwezi, alisema hivyohivyo. Na wa njia ya kusini naye. Wamisionari wakaunganisha maji hayo yote, na katika ramani iliyochapishwa Ujerumani mwaka 1855 na London mwaka 1856 likatokea ziwa moja kubwa mno, lenye umbo la konokono asiye na gamba, kutoka karibu na ikweta kushuka hadi usawa wa Nyasa. Wanajiografia wa London waliicheka. Hata hivyo ndiyo iliyochangia wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke kutumwa mwaka 1856.

Hakuna msemaji aliyedanganya. Kila mmoja alisema alichokiona, na maziwa aliyoyaona yapo: Victoria Nyanza, Tanganyika na Nyasa. Kosa lilikuwa katika kuunganisha, na katika jambo lingine la ndani zaidi, yaani kipimo. Watu wa msafara walipima nchi kwa siku. Siku ya msafara ilikuwa fupi mizigo ya pembe ilipokuwa mizito, ndefu pasipokuwa na maji njiani, na ilisimama kabisa mahali ambapo hongo haijakubaliwa. Kwa msafiri anayetaka kujua achukue chakula kiasi gani, kipimo hicho ni bora kuliko maili. Wamisionari waliokigeuza kuwa maili walitupa taarifa iliyokuwa na manufaa wakapata nyingine yenye makosa. Burton na Speke walipofika Kazeh, karibu na Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, Mwarabu Snay bin Amir aliwaeleza barazani kwake kwamba maziwa ni mbalimbali, na hili la kaskazini ni kubwa kuliko lile la Ujiji. Tatizo la ramani lilitatuliwa hapo kabla ya yeyote kati yao kuyaona maji. Speke aliyafikia ya kaskazini tarehe 3 Agosti 1858, akiongozana na Sidi Mubarak Bombay, mmoja wa watu wa msafara wake. Majina yaliyobaki kwenye ramani ni ya malkia na ya wasafiri, si ya Snay.

Safari hiyo ilileta pia taarifa ambayo misafara haikuihitaji, ya mwinuko. Maji huchemka kwa joto dogo zaidi kadiri mtu anavyopanda juu, kwa hiyo kipimajoto ndani ya birika kinaweza kukadiria kimo cha mahali. Ziwa la kaskazini lilipata zaidi ya futi 3,700, karibu sana na ukweli wa mita 1,134. Tanganyika ilipata futi zipatazo 1,800, mamia ya futi chini ya kimo chake halisi cha mita 773 hivi, na kosa hilo likachochea ubishi mkali kuhusu chanzo cha Nile. Kilimanjaro nayo imeshuka kimo kadiri vyombo vilivyoboreka: Hans Meyer, aliyefika kileleni Oktoba 1889, aliuweka juu kidogo ya mita 6,000, upimaji wa mwaka 1952 ukatoa 5,895, namba inayofundishwa shuleni, upimaji wa mwaka 2008 ukatoa kama mita 5,892.

Kisha ikaja mipaka, na mpaka ni taarifa ya ajabu kwa sababu unaweza kuwamo katika ramani kabla haujakuwapo ardhini. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Novemba 1886 ulimwachia Sultani wa Zanzibar ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10, kutoka Tungi hadi Kipini, pamoja na visiwa na miji kadhaa ya kaskazini. Bara iligawanywa kwa mstari kutoka mdomo wa mto Umba hadi Ziwa Jipe, ukapita kati ya Taveta na Uchaga, ukauzunguka mlima Kilimanjaro kwa kaskazini, kisha ukanyooka hadi pale latitudo ya 1 kusini inapokutana na ufuo wa mashariki wa Victoria Nyanza. Habari inayosimuliwa kwamba Malkia Victoria alimzawadia mlima mjukuu wake wa Ujerumani haina msingi. Mstari ulipindwa kwa sababu Wajerumani walishatia saini mikataba na watawala wa Uchagani. Ardhi ya Wamasai ilikatwa vipande viwili kwa rula. Tume ya nchi mbili ilipita na vyombo vya kupimia kati ya ziwa na mlima mwaka 1904 hadi 1906 tu, karibu miaka 20 baada ya mstari kuchorwa.

Mahali pengine maneno na ramani vimegombana hadi leo. Mkataba mwingine wa Uingereza na Ujerumani, wa tarehe 1 Julai 1890, unaupitisha mpaka wa Ziwa Nyasa ufuoni mwa ziwa, upande wa Tanganyika. Wakati Waingereza wanazitawala Tanganyika na Malawi ya leo, ramani zao hazikukubaliana: nyingine ziliuchora ufuoni, nyingine katikati ya maji. Malawi inashika maandishi ya mkataba. Tanzania inashika desturi ya mataifa ya kugawana maji katikati, pamoja na zile ramani zinazoiunga mkono. Hata jina la ziwa linategemea karatasi imechapishwa wapi.

Baada ya mipaka, watawala walitaka kujua kilichomo ndani yake. Karatasi za Kijerumani za kipimio cha 1:300,000, zilizochapishwa Berlin chini ya Paul Sprigade na Max Moisel, zilijengwa kwa madaftari ya njiani. Ofisa alitembea na saa na dira, akaandika kila njia ilipopinda, dakika ngapi zimepita, kijito kipi kimevukwa, jumbe gani anakaa kilima kipi. Ukizitazama karatasi hizo unaona kabisa miguu ilipopita: majina yamesongamana kandokando ya njia, na hatua chache pembeni hakuna kitu. Uganda ilipita njia tofauti, na ya haraka mno. Makubaliano ya mwaka 1900 yaliwagawia machifu na wakubwa 1,000 wa Buganda maili za mraba 8,000, wakati nchi haijapimwa. Namba ilitangulia ramani, na wapimaji walitumia miongo kadhaa kuitafutia ardhi.

Miji ilipata ramani za kuamrisha. Sheria ya ujenzi ya Wajerumani ya Dar es Salaam ya mwaka 1891 ilianza kutenga maeneo kwa aina ya nyumba, na chini ya Waingereza utaratibu huo ulikomaa kuwa kanda 3 ambazo wenyeji walizitaja bila haya: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Ramani kuu za mji za mwaka 1949, 1968 na 1979 zilionyesha barabara, bustani na viwanja ambavyo bado havikuwapo, na vingi havikuja kuwapo. Mtafiti anayezitumia lazima akumbuke kwamba anasoma nia.

Ramani za mada, yaani zile zinazochukua jambo moja na kuliacha lingine lote, zilistawi kati ya vita viwili vya dunia, na ndizo huenda zenye akili zaidi katika historia hii. Zilianza na ugonjwa. Malale yaliua zaidi ya watu 200,000 Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, hasa ufuoni na visiwani mwa Victoria Nyanza, na kujua mbung'o wako wapi kukawa suala la utawala: mstari wa mbung'o ulipochorwa, watu walihamishwa. Lakini kazi mbili za Tanganyika zilizidi hapo.

Ya kwanza ni ya Geoffrey Milne, mwanakemia wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara. Alitakiwa kuchora ramani ya udongo wa Afrika Mashariki nzima, akagundua kwamba haiwezekani kuupaka rangi kila aina peke yake, kwa sababu aina hubadilika kila baada ya mita mia kadhaa. Alichokiona ni mfuatano unaojirudia kilima baada ya kilima: udongo mwekundu au wa kichanga juu, wa kijivu mteremkoni, mweusi wa mfinyanzi bondeni. Mwaka 1935 aliupa mfuatano huo jina la katena, mnyororo, na ramani yake ya mwaka 1936 ikaonyesha minyororo badala ya udongo mmoja mmoja. Istilahi hiyo inatumika duniani kote. Msukuma hakuhitaji kuambiwa: luseni ya juu, itogolo ya mteremkoni na mbuga ya chini zilikuwa na majina na mazao yake tangu zamani. Milne alikuwa na adabu ya kuwasikiliza wakulima, jambo ambalo wataalamu wengi wa enzi yake walikosa.

Ya pili ni ya Clement Gillman, mhandisi aliyekuja mwaka 1905 kujenga Reli ya Kati chini ya Wajerumani akabaki chini ya Waingereza. Ramani yake ya watu wa Tanganyika, ya mwaka 1936, inaonyesha watu kwa nukta. Nukta zimejazana Kilimanjaro, Usambara, ukanda wa Victoria Nyanza, nyanda za juu za kusini na pwani. Katikati ya nchi pana uwazi mkubwa. Gillman aliuliza kwa nini, akaiweka ramani hiyo mbele ya ramani ya maji: watu wako palipo na maji ya kutegemewa na pasipo na mbung'o. Hapo ramani inatoa taarifa isiyokuwamo katika karatasi yoyote ikiwa peke yake, ile inayopatikana kwa kulinganisha mbili.

Ramani ambayo wanafunzi wa jiografia wanaifahamu zaidi, ya kipimio cha 1:50,000, ilikuja baada ya mwaka 1946, Uingereza ilipounda idara ya upimaji wa makoloni chini ya Martin Hotine. Ndege za jeshi la anga zilipiga picha, na mafundi wakazigeuza kuwa mchoro kwa kutumia nguzo za upimaji zilizokwisha kusimikwa vilimani, nyingi zikiwa za mnyororo wa longitudo ya 30 uliokamilika kutoka Cape hadi Cairo mwaka 1954. Karatasi moja inabeba robo digrii kwa robo digrii, kama kilomita 28 kila upande. Sentimita 2 ni kilomita moja. Mistari ya kontua, aghalabu ya kila mita 20, inasema umbo la nchi. Buluu ni maji, na mto wa msimu unatofautishwa na wa kudumu. Kuna alama za mkonge, minazi, kinamasi, msitu wa hifadhi, josho, kisima, posta, zahanati, shule na kanisa, na njia zimepangwa kwa daraja kutoka lami hadi ya miguu. Nyumba ni vijinukta vyeusi.

Vijinukta hivyo vinastahili kutazamwa kwa makini. Pambizoni mwa karatasi nyingi pana mchoro mdogo unaotaja mwaka wa picha za anga. Pale Tanzania ambapo picha ni za miaka ya 1950 au 1960, nyumba zimetawanyika mashambani, moja hapa, tatu kule. Kisha ikaja Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976, na mamilioni ya watu wakahamia vijiji vya kupangwa. Karatasi ikawa inaonyesha mahame. Kwa msafiri imechakaa. Kwa mwanahistoria, na kwa wazee wanaodai ardhi ya babu zao, haijawahi kuwa na thamani kuliko sasa.

Makabila na lugha ndiyo taarifa iliyochorwa kwa uzembe mkubwa kuliko zote. Ramani za kikoloni zilimpa kila kabila rangi na ukingo mkali, kana kwamba Mzigua na Msambaa hawaoani na kijiji hakiwi na lugha mbili. Kiswahili kilisumbua utaratibu huo kabisa, maana kiko kila mahali na rangi yake ingefunika zingine zote. Atlasi ya lugha iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2009 ilihesabu wasemaji wilaya kwa wilaya, na picha inayopatikana ni ya mchanganyiko.

Tangu miaka ya 2000 anayechora si lazima awe serikali. Mwaka 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya, mtandao wa Ushahidi ulikusanya ripoti za wananchi na kuziweka juu ya ramani, tukio kwa tukio. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, waliuchora mtaa wao, ambao hadi hapo ulikuwa karibu mtupu katika ramani za umma ingawa wakazi walijaa. Dar es Salaam, Ramani Huria ilianza mwaka 2015 ikiwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wa kata zinazofurika. Walichokipima ni mitaro, madaraja, upana wa vichochoro na mahali maji yanapofika. Zanzibar ilirusha droni kuanzia mwaka 2016 na kupata picha za visiwa vyake. Kwa upande wa Dar es Salaam, taarifa za mafuriko ya mto Msimbazi zilikuwa vichwani mwa wajumbe wa nyumba kumi miaka yote, hakuna aliyewauliza.

Utajiri huu una mtego wake wa kiufundi. Karatasi za zamani za Kenya, Tanzania na Uganda zimefungwa katika datumi, yaani msingi wa kupimia mahali, ya Arc 1960, wakati simu na vifaa vya setilaiti vinatumia WGS 84. Tofauti kati ya mbili hizo ni karibu mita 300 ardhini, kiasi cha kukitoa kisima shambani mwa mtu na kukiweka kwa jirani. Kwa hiyo atakayepata karatasi ya zamani, kwa utafiti au kwa shauri la ardhi, aanze na pambizo: datumi, mwaka wa picha, na jina la idara iliyochapisha. Akishayajua hayo ndipo asome katikati.